MWANAFUNZI AIPIME KAZI YAKE KWA SURA GANI?

Mwanafunzi wa mambo ya habari siku hizi hawezi kuleta kazi yake, akaiweka mbele ya mwalimu, kisha akenda zake. Akiisha kutengeneza gazeti lake dogo, au kipindi cha redio, au filamu ya dakika mbili, hutakiwa aketi aihukumu mwenyewe. Aseme alikusudia nini, alifuata mwendo wa nani, wapi alifaulu na wapi kamba ilimkatikia. Hesabu hiyo ndiyo iitwayo tathmini, nayo ina alama zake mbali na zile za kazi yenyewe.

Hapo kale tathmini ilikuwa insha, basi. Leo walimu wengi humwachia mwanafunzi achague sura ya kuileta. Akitaka ataandika, akitaka atanena katika kinasa sauti, akitaka ataonyesha picha na kuzisemea, akitaka atawauliza wenziwe na kuyanasa majibu yao. Uhuru huo ni neema, lakini pia ni mtihani. Nimewaona vijana waliohangaika miezi mitatu wakatengeneza kitu kizuri, kisha wakapoteza alama katika wiki ya mwisho kwa kuwa walichagua sura isiyowafaa, au waliichagua kwa sababu wenzao nao waliichagua.

Nimeona leo tulizungumze jambo hili kwa kuwa linawahusu watoto wetu wa pwani kuliko wadhanivyo wazee wengi. Vyuo vya uandishi wa habari vina vijana wetu tele. Tena, Mtaala wa Umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 humtaka mtoto aziweke kazi zake katika potifolio na azieleze, na katika sekondari ya juu mwanafunzi wa njia ya Sanaa na Sayansi ya Michezo aweza kusoma tamthilia na filamu. Kwa hiyo swali hili halitabaki vyuoni. Litaingia majumbani, na mzazi ataulizwa.

MASWALI SABA

Mfano ulio wazi kabisa wa jambo hili ninaoujua ni wa Uingereza. Bodi ya mitihani iitwayo OCR ilikuwa na somo la vyombo vya habari kwa wanafunzi wa miaka kumi na sita na kumi na saba, katika mtaala ulioanza kufundishwa mwaka 2008. Mwanafunzi alichagua kazi moja. Aliyependa maandishi alitengeneza gazeti jipya la muziki: jalada, ukurasa wa yaliyomo, na makala ya kurasa mbili zinazoelekeana, na picha zote ziwe amezipiga mwenyewe, zisipungue nne. Aliyependa filamu alitengeneza mwanzo wa filamu ya kubuni pamoja na majina ya waigizaji, usiozidi dakika mbili.

Kabla ya hayo kulikuwa na zoezi dogo la kuwasha moto. Wa gazeti alitengeneza jalada la gazeti la shule. Wa filamu alipiga picha za mtu anayefungua mlango, akavuka chumba, akaketi kitini kumwelekea mwenziwe, wakasemezana maneno mawili matatu. Jambo jepesi hilo, utasema. Lakini jaribu kulipiga picha bila ya mtazamaji kuhisi kwamba mtu yule ameruka kutoka mlangoni hadi kitini, ndipo utakapojua kuwa kamera ina adabu zake.

Alama zote zilikuwa 100. Utafiti na mipango ilipewa 20, utengenezaji 60, na tathmini 20. Tazama vizuri hesabu hiyo. Sehemu ya tano ya kazi nzima ilikuwa ni mtu kuisemea kazi yake.

Na kuisemea huko hakukuwa kwa kubahatisha. Palikuwa na maswali saba. La kwanza: kazi yako imezifuata vipi kaida za kazi za kweli za aina hiyo, au imeziendeleza, au imezipinga? La pili: umewaonyesha vipi watu wa tabaka au kundi fulani? La tatu: ni shirika gani la habari ambalo lingeisambaza kazi hii, na kwa nini? La nne: hadhira yako ni nani? La tano: umeivuta vipi hadhira hiyo na kusema nayo? La sita: umejifunza nini juu ya vyombo na mitambo uliyoitumia? La saba: ukilitazama lile zoezi la mwanzo, umepiga hatua gani mpaka kufika hapa?

Bodi ilitaka majibu yaletwe kwa njia za kielektroniki, na walimu wakawahimiza wanafunzi watumie ubunifu. Wakatokea waliorekodi podikasti, waliosimamisha filamu yao kila baada ya sekunde chache na kuisemea, na waliotengeneza kurasa zinazozunguka na kupaa kwa programu kama Prezi iliyotoka mwaka 2009. Wengine walifanya vizuri sana. Wengine walipoteza njia, wakawa kama mtu aliyeshona kanzu ya arusi akasahau kumwalika bwana arusi.

KILA SWALI NA CHOMBO CHAKE

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba sura moja lazima ijibu maswali yote. Seremala hapasui mbao, akazipiga randa na kuzitoboa kwa chombo kimoja. Kila swali katika hayo saba lina tabia yake, na tabia hiyo ndiyo inayokuonyesha sura inayolifaa.

Chukua lile la kaida. Mwanafunzi akisema kwa maneno matupu, "Jina la gazeti langu nimeliweka juu kwa herufi kubwa kama yafanyavyo magazeti mengine," mtahini atamsadiki lakini hatavutika. Akiliweka jalada lake ubavuni mwa jalada la gazeti linalouzwa madukani, akachora mishale kutoka jina hadi jina, kutoka picha hadi picha, kutoka bei hadi bei, hoja imekwisha kujisimamia. Hapa picha mbili zilizowekwa sambamba hufanya kazi ya kurasa tatu za insha. Kwa filamu, sura inayofaa ni sauti juu ya picha. Filamu inakwenda, nawe unasema: hapa nimeisogeza kamera karibu na uso ili mtazamaji aone hofu, hapa nimekata.

Swali la hadhira nalo halijibiki vyema na mwanafunzi akiwa peke yake chumbani. Hadhira ni watu, na watu wana ndimi. Wacheze kazi yako mbele ya watu watano uliokusudia kusema nao, uyanase maneno yao kwa idhini yao, kisha uyatie katika tathmini pamoja na lile lililokuuma. Sifa peke yake hazimfundishi mtu.

Swali la shirika la kusambaza ni la hesabu na sababu. Hapa insha fupi ndiyo mbora, au mahojiano ambayo mwenzako anajifanya mhariri na wewe unamshawishi. Kijana wa Mombasa aliyetengeneza kipindi cha Kiswahili juu ya uvuvi atauliza: je, kinaifaa Pwani FM ya Shirika la Utangazaji la Kenya, au redio ndogo ya kijamii, au nikiweke katika mtandao wenyewe wakisikilize? Kila jibu lina gharama yake na wasikilizaji wake. Muziki na picha zinazopaa hazitaongeza kitu hapo.

La mitambo hutaka hatua kwa hatua. Picha ya kwanza kabla ya kusafishwa, ya pili baada ya kupunguzwa giza, ya tatu baada ya kukatwa pembeni, na chini ya kila moja sentensi mbili za kueleza kwa nini. Ama lile la saba, la hatua alizopiga mtu, halina sura bora kuliko kuweka la kwanza na la mwisho pamoja. Hata mama asiyejua kamera ataiona tofauti.

Kwa hiyo tathmini njema huweza kuwa na sura mbili au tatu ndani yake. Isiwe saba, maana hapo itakuwa soko.

TENZI ZETU ZILIJIBU ZAMANI

Wako watakaoniambia kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Siyo. Mtunzi wa pwani alikuwa akiitolea hesabu kazi yake tangu zamani, wala hakungoja bodi ya mtihani.

Angalia mwendo wa tenzi. Mtunzi huanza kwa jina la Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume. Kisha aghalabu hutaja vifaa vyake: wino, karatasi na kalamu. Ndilo swali la sita hilo, la vyombo. Halafu husema amekusudia nini na anamtungia nani. Mwishoni hujitaja jina na nasaba, akaitaja tarehe, akahesabu beti zake, na akawaomba wasomaji wamrekebishe alipoteleza. Kuhesabu beti hakukuwa pambo. Kulikuwa ulinzi, kwa kuwa mnakili akipunguza au akiongeza, hesabu itamfichua.

Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858, sawa na 1275 Hijria, naye akiwa mgonjwa. Kila aliyesoma anajua kwamba anamwita bintiye amkaribie na wino na karatasi, kisha akamuusia juu ya dini, adabu na maisha ya ndoa. Hadhira yake ya kwanza ni mtoto mmoja, Mwana Hashima. Kwa kuwa alijua anasema na nani, alichagua sauti ya mama aliyeketi kitandani na mwanawe, wala hakuchagua sauti ya khatibu juu ya mimbari. Ndiyo maana utendi ule haujachakaa. Sura ilitoka katika hadhira.

Mfano wa karibu zaidi ni wa marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki 2017. Utungo wake uitwao Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa huko Leiden, Uholanzi, mwaka 1979, unaeleza namna chombo cha Lamu kiundwavyo. Angeweza kuandika makala ya ufundi yenye orodha ya majina ya mbao na misumari. Alichagua utungo kwa sababu alitaka majina yale ya mafundi yasipotee, na jambo lililofungwa kwa vina na mizani hukaa kichwani mwa watu. Fanya hivyo hivyo na mnazi, utaona aliufanyia Umbuji wa Mnazi uliotoka mwaka 1985. Mzee yule alikuwa na sababu ya sura yake. Mwanafunzi naye awe na sababu.

Basi kijana wa pwani anayetaka kuleta tathmini yake kwa shairi, kwa majibizano au kwa ngonjera asizuiwe. Kundi la wanafunzi watatu laweza kujibizana: mmoja akaitetea kazi, wa pili akailaumu, wa tatu akahukumu. Ila na ajue mipaka. Shairi hubeba nia, majuto na mafunzo vizuri mno. Halibebi vyema jedwali la gharama, wala maelezo ya jinsi ya kuondoa kelele katika sauti iliyorekodiwa. Ukililazimisha, utapata beti zilizotimia mizani na zisizotimiza haja.

MUUZA KAHAWA

Nitoe kisa kimoja nilichokishuhudia. Jioni moja walinijia vijana watatu wa chuo kimoja hapa Mombasa, wavulana wawili na msichana. Walikuwa wametengeneza kipindi cha redio cha dakika sita juu ya mzee mmoja auzaye kahawa ya tangawizi kwa dele, anayezunguka mitaa ya mji wa kale baada ya Alasiri akigonganisha vikombe.

"Masalkheri, maalim," alianza mkubwa wao. "Tumeambiwa tuandae tathmini kwa sura tuitakayo. Sisi tumeshaamua ni video."

"Kwa nini video?"

"Ndiyo inayopendeza."

Msichana aliinamisha kichwa. "Maalim, mimi sipendi uso wangu uonekane katika kazi itakayowekwa kwenye mtandao wa chuo. Na nyumbani hawataki."

Nikawauliza ni kitu gani kiliwashinda walipokuwa wakirekodi. Wakajibu kwa pamoja, "Upepo!" Siku ya kwanza walirekodi kwa simu karibu na bahari, na sauti yote ikawa ngurumo. Siku ya pili wakaifunika simu kwa kitambaa, wakamsogeza mzee kwenye kichochoro chenye kuta mbili ndefu. Sauti ya vikombe ikatoka safi.

"Ile ya kwanza mnayo bado?"

"Tunayo."

"Basi mtahini akiambiwa upepo ulikuwa mkali, atasoma maneno hayo apite. Akisikia sekunde kumi za upepo ule, kisha sekunde kumi za vikombe ndani ya kichochoro, atakuwa amejua mliyojifunza. Kazi yenu ni ya sauti. Kwa nini mwaihukumu kwa picha?"

Wakakubaliana kufanya tathmini ya kusikilizwa. Lile tatizo la msichana nalo likaisha lenyewe, bila ya yeye kuonekana mkaidi na bila ya wenziwe kumwacha nyuma. Naliona jambo hilo lafaa kuzingatiwa na walimu wetu. Mabinti wengi wa pwani wana akili na ndimi za kusema, lakini hawapendi kujianika mbele ya kamera, na hiyo ni haki yao. Uhuru wa kuchagua sura una maana hasa kwa watu kama hao. Mwalimu anayesema "leteni sura mtakayo", kisha akaonyesha kwa macho kwamba video tu ndiyo anayoipenda, amekwisha kuufunga mlango alioufungua.

Lakini jambo kubwa lilikuja baadaye. Nilikuwa nimewashauri wamchezee kipindi yule mzee mwenyewe, wayanase maneno yake. Chini ya sauti yake wao walitia ala ya huzuni, na msimulizi akamtaja kama mtu aliyesahauliwa na dunia. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akawashukuru, kisha akawaambia: "Wanangu, mie si maskini. Mie ni muuza kahawa. Hilo zumari la kilio mwanilizia nani?"

Wangeweza kulificha neno hilo. Hakuna ambaye angelijua. Wao waliliweka katika tathmini kama lilivyo, katika jibu la swali la jinsi walivyowaonyesha watu, na msichana yule akasema kwa sauti yake kwamba walikwenda kwa mzee wakiwa na hadithi yao tayari, wakamtafutia mahali pa kumweka ndani yake. Nimesikiliza tathmini nyingi, lakini sijasikia iliyo kweli kuliko hiyo. Na kama ingekuwa insha, sauti ya mzee ingegeuka kuwa nukuu kavu kwenye karatasi. Kuisikia ndiko kulikouma.

PAMBO NA RIYA

Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa kwamba mja huifanyia nafsi yake hesabu kabla hajafanyiwa. Hiyo ndiyo muhasaba. Tulifundishwa pia kuiogopa riya, yaani kufanya jema ili uonekane. Sioni maneno mawili yanayoifaa zaidi habari hii. Tathmini ni muhasaba wa kazi. Na kinachoiharibu tathmini ni riya ya sura.

Nimeketi mara kadha katika majopo ya kusikiliza kazi za wanafunzi. Nakumbuka kijana aliyeleta slaidi zaidi ya arobaini, kila moja ikiwa na aya nzima, akageuka akatupa mgongo na kutusomea neno kwa neno kutoka ukutani. Hiyo haikuwa sura mpya. Ilikuwa insha iliyovikwa koti. Mwengine alileta video ambayo herufi zake ziliruka, zikazunguka na kulipuka, na muziki ukapiga juu ya sauti yake hata hatukusikia jibu la swali hata moja. Alipoulizwa kwa mdomo, alijibu vizuri sana! Maarifa alikuwa nayo, ila aliyazika kwa mikono yake, na jopo haliwezi kutoa alama kwa kilicho kaburini.

Kwa upande mwengine, tusiidharau insha. Yuko kijana mwenye haya ya kusema, ambaye kalamu yake ni upanga. Huyo akilazimishwa arekodi podikasti ameonewa. Kuchagua maandishi kwa sababu ndiyo yanayokutoa vizuri ni uchaguzi sawa na uchaguzi mwengine wowote. Kilicho kibaya ni kuchagua maandishi kwa uvivu.

MIZANI YA KUCHAGULIA

Ningependa kila mwanafunzi ajiulize mambo manne kabla hajaanza.

Kwanza, sura hii itasema nini ambacho insha ya kawaida isingeweza kukisema? Kama hakuna jibu, aandike insha na apumzike. Kama jibu ni "sauti ya mzee" au "tofauti ya picha mbili", basi sura imejieleza.

Pili, je, naimudu kwa muda nilio nao? Video ya dakika nane huweza kula siku nne za kuhariri. Aliyebakiwa na siku mbili na asiyejua programu ya kuhariri asianze kujifunza kuogelea wakati wa msukosuko wa kusi. Achukue kinasa sauti, aandike mambo makuu kwenye kijikaratasi, aseme.

Tatu, je, mtahini ataifikia? Jambo hili huonekana dogo mpaka likupate. Faili isiyofunguka, anwani ya mtandao iliyokufa, sauti iliyorekodiwa chini mno: yote hayo humrudisha mwanafunzi kwenye sifuri ilhali hakukosa elimu. Ajaribu kuifungua kazi yake kwa simu ya mwengine na kompyuta ya mwengine, na abaki na nakala mbili. Babu zetu hawakusafiri na tanga moja.

Nne, je, kila swali limejibiwa? Ukiisha kumaliza, chukua karatasi, uyaandike maswali, kisha ujisikilize mwenyewe kama mgeni. Kila swali lililojibiwa kwa ushahidi, litie alama. Lililojibiwa kwa sifa tupu, lirudie. Ni ile ile hesabu ya beti ya watunzi wa zamani: mtu huhesabu ili ajue kama kuna kilichopungua.

Kwa makundi kuna nyongeza. Wakifanya tathmini pamoja, kila mmoja asikike akisema alilolifanya yeye, kwa kuwa mwalimu hutakiwa ampe kila mtu haki yake. Kundi ambalo mmoja amesema yote na wawili wameitikia "naam" limewadhulumu wote watatu.

Waingereza wenyewe walikuja kubadilisha mwendo. Katika mitaala iliyoanza kufundishwa mwaka 2017, kazi ya kutengeneza ilibaki na asilimia 30 ya alama za ngazi ya juu, na mahali pa ile tathmini ya mwisho pakaingia maelezo mafupi ya nia, yapata maneno 500, anayoandika mwanafunzi kuonyesha anakusudia kufanya nini na kwa nini. Msomaji Mwislamu hatashangaa kuona nia imetangulizwa. Imam Nawawi alipokusanya Arubaini yake, hadithi ya nia ndiyo aliyoiweka ya kwanza. Lakini maoni yangu ni kwamba nia bila ya muhasaba ni nusu ya safari. Nia hukuambia mtu alitaka kwenda wapi. Muhasaba hukuambia alifika wapi, na kilichompata njiani. Walimu wetu wakiandaa miongozo ya kazi za wanafunzi, wasiache moja kwa ajili ya jingine: mtoto aandike nia yake mwanzoni, na mwishoni aisomewe tena, aulizwe.

Na kwa vijana waliozoea kunidai beti kila wanijiapo, nimewatungia huu mmoja waubandike juu ya meza zao:

Kazi ukishaitenda, keti uifikirie,
Wapi ilipokushinda, usifite, utwambie,
Na jema ulilounda, hoja utubainie,
Hata pambo ukipenda, maana lisifukie.

Wazazi nao wasiseme kwamba hayo ni masomo ya watoto, hayawahusu. Kijana akileta kazi yake nyumbani, msikilizeni. Mwulizeni maswali mepesi: umemtengenezea nani, kwa nini umefanya hivi, kipi kilikushinda? Mama aulizaye hivyo jikoni huku akikuna nazi anamwandaa mwanawe kwa mtihani kuliko anavyodhani, na yule mtoto atakuwa amejifunza kuisemea kazi yake kwa ulimi wake mwenyewe kabla hajaisemea kwa ulimi wa watu wengine. Wabillahi tawfiki.